Kompresa Isiyozimika

Mara ya kwanza ndugu yangu aliponieleza ile sauti, alikuwa kama mtu anayelalamika juu ya jirani mwenye kelele. Ana kibanda cha kuziba pancha pale Maungu, kando ya barabara kuu, na siku hiyo nilikuwa nimempelekea mboga zilizonibakia sokoni Voi. Nilimkuta amekaa juu ya tairi kuukuu, kichwa amekiinamisha.

"Dada, hebu sikiza. Hiyo kompresa inaunguruma ama imezimwa?"

Ilikuwa imezimwa. Hata waya wake ulikuwa umechomolewa na kuzungushwa kwenye msumari.

"Basi imehamia hapa," akasema, akagusa juu ya sikio lake la kushoto. "Na inafuata moyo. Nikikimbia inakimbia. Nikitulia nayo inatulia."

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja tairi yake akadakia, "Fundi, sasa huo upepo wa kichwani utatuuzia bei gani?" Tukacheka, na ndugu yangu ndiye aliyecheka zaidi. Ni mtu wa maneno. Kuna madereva wanaovipita vibanda vya wengine ili wajaziwe upepo kwake huku wakimsikiliza. Nayaandika haya mapema kwa sababu baadaye maneno yake ndiyo yaliyokuja kuwekwa kwenye mizani.

Muda si mrefu akaanguka. Alikuwa anafunga nati za gurudumu, mkono wa kulia ukaanza kuchezacheza wenyewe, akautazama kama mkono wa mtu mwingine, kisha akaenda chini. Mimi sikuwepo, hayo nimeyapata kwa mkewe. Mkewe ni Mkamba, watu wake walikuja zamani kulima huku chini, na ni mwanamke asiyetia chumvi habari. Akisema povu lilitoka, lilitoka. Alimkimbiza Voi, Voi wakamtuma Mombasa kupigwa picha ya kichwa, na picha ilipokuwa tayari tukajikuta sisi watatu mbele ya daktari, ndugu yangu katikati kama mtoto anayeandikishwa shule.

Mimi ni muuza nyanya. Shule niliishia darasa la saba, na hii tabia ya kuandika jioni niliianza kwa kuogopa kusahau. Kwa hivyo mambo ya mishipa nitayaeleza vile nilivyoyaelewa. Nikikosea, lawama isimwendee daktari, maana yeye alieleza polepole, tena akarudia.

Alisema damu hutoka moyoni kwa nguvu ikipita mishipa minene. Ikifika ndani huingia kwenye vimishipa vyembamba kuliko nywele, na humo nguvu yake hupungua kabla ya kuanza safari ya kurudi. Kwa ndugu yangu, upande wa kushoto wa ubongo, vile vyembamba havikuumbika. Mishipa inayoleta na mishipa inayorudisha imeungana moja kwa moja, ikasokotana, ikawa fundo. Huenda alizaliwa nalo. Damu inapita humo kwa kasi ile ile ya moyo, na hiyo ndiyo kompresa.

"Si kwa kula kitu, na si kwa kurogwa," daktari akaongeza.

"Hakuna aliyeuliza kurogwa," mke wa ndugu yangu akasema.

"Wengi huuliza wakishatoka nje, mama."

Kisha akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo kwenye panja la ndugu yangu, akasikiliza, akanipa nami. Sikutegemea kitu. Nikasikia fuu, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi bila kuchoka. Nikakiondoa haraka. Alipompa mke, mke alikataa. "Nikiisikia nitalala nayo," akasema. Wakati ule niliona ni ukaidi. Sasa sijui.

Fundo lilikuwa kubwa. Daktari alisema kama chungwa. Mimi kwenye picha niliona nyanya, zile kubwa kubwa za Taveta, imeota mizizi pande zote.

Njia zilikuwa kadhaa, na moja yake ilikuwa kutofanya kitu. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kulitoa fundo. Lingekuwa dogo na limekaa pembeni, daktari alisema, hangesita. Lakini hili ni kubwa, na limekalia sehemu inayotengeneza maneno na inayoendesha mkono wa kulia. Anaweza kuamka mzima, bila fundo. Anaweza pia kuamka anatutambua wote na hana neno hata moja.

Njia nyingine ni gundi. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unasukumwa taratibu mpaka kichwani, unamwaga gundi ya kuziba. Nyingine ni mionzi inayolengwa pale pale. Mionzi huyaweza vizuri mafundo madogo. Kubwa kama hili hugawanywa, leo kipande hiki, baada ya miezi kipande kile, halafu watu wangoje miaka waone kama limejifunga, na katika kungoja linaweza kupasuka kama ambavyo lingepasuka tu.

"Na tukiliacha?" nikauliza.

"Mnaliacha na macho yakiwa wazi. Dawa za kifafa kila siku. Presha isipande. Picha tena baada ya muda. Halijawahi kuvuja damu, na hilo ni jambo zuri. Likivuja, tutaanza mazungumzo mengine."

Ndugu yangu akasema, "Daktari, tairi ikitoka nundu mimi humwambia dereva aitoe barabarani."

"Na akiwa hana nyingine?"

"Namwambia aende polepole mpaka Voi."

"Haya."

"Mume wangu si tairi," mke akasema.

Daktari alituambia kwamba yeye angeegemea upande wa kuacha, lakini ana mwenzake humo humo ambaye kwa picha kama hiyo angefikiria zaidi kupasua, na kwamba mwenzake si mjinga. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Wakati huo huo nilitamani angedanganya kidogo, atuambie njia ni moja.

Kwenye treni ya kurudi, ndugu yangu akiwa amesinzia, mimi na mkewe tulisukumana kwa maneno ya chini chini. Nilisema heri kuacha. Akanigeukia.

"Wifi, wewe utashuka Voi uende kwako. Mimi ndiye ninayelala nimemwekea mkono kifuani nijue kama anapumua. Akienda sokoni naangalia barabara. Akichelewa chooni nabisha mlango. Hiyo kuacha mnayoisema, mnaniachia mimi."

Yeye alitaka lile fundo litolewe, liishe, hata kama atabaki na mume asiyesema. "Nitasema mimi kwa niaba yetu wawili," aliniambia. "Kwani sasa hivi nani anapata nafasi ya kusema nyumba ile?" Akacheka kidogo, halafu akageukia dirisha na kuliangalia pori la Taru mpaka tukafika.

Mama yetu anakaa Bura, juu milimani, analima kabichi na vitunguu kwenye vipande vilivyoshikiliwa na mawe. Yeye alikuwa upande wa kuacha, tena bila maelezo. "Kichwa cha mwanangu hakifunguliwi kama debe." Ndivyo ilivyokuwa: mke upande mmoja, mama upande mwingine, na mgonjwa anamfanyia kila mmoja utani wa kumtuliza. Ukimwuliza yeye anataka nini anasema, "Mimi ni mwenye kichwa tu. Wenye mamlaka mko wengi."

Mama akatuita Bura Jumapili moja, tukae tumalize. Tulizungumza tangu tulipotoka kanisani mpaka ukungu ukaanza kushuka. Mama hakusogea, na mke hakusogea pia. Mwishoni mimi ndiye niliyesema, "Kwa nini tusichukue gundi?"

Nieleze nilivyofikiri. Huku kwetu watu wakigombania mpaka wa shamba, mzee anayeamua hutafuta mahali pa katikati, anachimbia jiwe au anapanda mmea, kila mmoja anarudi nyumbani amepoteza kidogo na amepata kidogo. Nimeona ugomvi wa miaka ukiisha hivyo. Nami niliona gundi imekaa katikati. Kichwa hakifunguliwi, kwa hivyo mama amepata. Kitu kinafanyika, kwa hivyo mke amepata. Nilipolisema, nyuso zote mbili zililegea, nikajiona nimefanya jambo la busara.

Mama akainuka kuleta maji. Kwetu kuna desturi tunaiita kutasa. Mtu anachukua funda la maji, zamani ilikuwa pombe ya miwa, anasema yaliyo moyoni, kisha anayapuliza maji nje kama manyunyu. Maana yake hasira uliyokuwa nayo imetoka, haitamdhuru yule mnayemtakia mema. Wazee waliamini kwamba hasira ya ndugu ikifichwa inaweza kumwangusha mgonjwa hata kama mwenye hasira hakufungua mdomo. Mama ni mtu wa rozari, lakini hili hajaliacha. Husema maji ni maji, hata ubatizo ni maji.

"Kwetu baraka ni kutemewa mate kidogo tu," mke wa ndugu yangu akaninong'oneza. "Hii yenu inalowesha."

Tukatasa mmoja mmoja. Mama akasema amekubali, hana kinyongo. Mke akasema amekubali. Mimi nikasema nimekubali. Kikombe kikamfikia ndugu yangu, akatutazama, akanywa, akasema, "Kama wote mmekubali, mimi ni nani? Nimekubali," akapuliza. Kuku waliokuwa mlangoni wakatawanyika, tukacheka.

Ubaya wa siku ile, nikiutazama sasa, ni kwamba mtu aliyekuwa na shaka angesemaje? Ukishakuwa na maji mdomoni na mgonjwa yuko mbele yako, kusema "mimi sijakubali" ni kama kusema una hasira naye. Kwa hivyo kila mtu alipuliza maneno mazuri. Sisemi desturi ni mbaya. Nadhani sisi tuliitumia kinyume: iliwekwa ili watu waseme, sisi tukaitumia ili tusiseme.

Tulirudi Mombasa tukiwa na umoja wetu. Nikamwambia daktari kwamba familia imekaa, imechagua gundi kwa sababu iko katikati.

"Katikati ya nini, mama?"

"Ya kupasua na kuacha."

Hakucheka. Akachukua kalamu, akachora fundo, akachora mishipa mitano sita inayoliingia. Akaziba michache. Akasema kwa fundo kubwa namna hii gundi peke yake ni nadra kulimaliza. Mara nyingi wanaitumia kumtayarisha mtu kwa upasuaji au kwa mionzi, au kuziba mahali pamoja palipo dhaifu kuliko pengine. Ukiziba sehemu tu halafu ukaishia hapo, damu haiachi kuja. Inatafuta njia zilizobaki, na zinaweza kulemewa. Na hata mrija wenyewe una hatari yake, kwa yale yale maneno na ule ule mkono.

"Gundi si nusu ya kupasua," akasema. "Ni mwanzo wa safari. Mnaweza kuianza, lakini muianze mkijua inakokwenda."

Nilikuwa nimelipima fundo la damu kwa kamba ya shamba.

Daktari akaiweka kalamu chini, akamgeukia ndugu yangu. "Na wewe unataka nini?"

"Nyumbani tulishakubaliana."

"Nyumbani sikuwepo. Nakuuliza wewe."

Ndugu yangu akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Nilidhani ataleta utani. Akasema, "Mkono ukienda nitajifunza wa kushoto. Nimeona fundi wa mkono mmoja kule Mariakani, anaziba vizuri kuliko mimi. Lakini maneno, daktari. Mimi nikikaa pale Maungu bila maneno, niko wapi? Nataka nikae nalo hivi lilivyo. Likipasuka, nipasueni siku hiyo."

"Unajua siku hiyo tunaweza kuchelewa?"

"Najua."

Mkewe akasimama, akatoka, mlango akauacha wazi. Tulimkuta ameketi kwenye benchi la nje na mkoba mapajani. Hakulia. Hakusema nasi mpaka Maungu, na baada ya hapo alisema nasi kama watu wa dukani.

Mama aliposikia tumerudi na dawa tu, hakufurahi kama nilivyodhani, ingawa alikuwa amepata alilotaka tangu mwanzo. Alituita tena Bura. "Yale maji tuliyapuliza ya uongo," akasema. "Mgonjwa hawezi kukaa katikati ya hayo."

Safari hii alimpa mke kikombe kwanza. Mke akakishika akakitazama. "Mama, kweli niseme?"

"Sema."

"Nimekasirika." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayetaja bei. "Nimemkasirikia huyu, amechagua mdomo wake akaniacha mimi. Nimekukasirikia wewe, ulikataa kabla ya kusikiliza. Wifi naye nimemkasirikia, anapenda kila mtu apate kidogo, hata pale ambapo hicho kidogo hakina maana. Sijakubali. Sitakubali. Lakini sitamtakia mabaya." Akanywa akapuliza kwa nguvu, na kwa kuwa hakuzoea, maji yote yaliishia kwenye sketi yangu.

Zamu yangu ilipofika nilisema kwamba gundi niliitaja kwa ajili ya amani ya wale wawili, kichwa chenyewe sikukifikiria. Mama akasema maneno yake kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, mengine siwezi kuyaandika. Ndugu yangu akawa wa mwisho.

"Hasira yangu ni moja," akasema. "Mlinigawanya kama shamba." Akapuliza. Halafu akamgeukia mkewe. "Na wewe niambie unachotaka ukiondoa kisu. Chochote."

Mke alikuwa nacho tayari. Nadhani alikuwa amekitayarisha kwenye lile benchi. Asiingie tena chini ya lori. Asipande bodaboda. Asipande juu ya kitu chochote. Asinunue dawa ya maumivu dukani bila kuuliza hospitali. Dawa zake ameze mbele yake, mdomo afungue aonyeshe. Presha ipimwe. Picha irudiwe daktari akisema irudiwe, na akisema mambo yamebadilika, kusiwe na kikao Bura.

"Nifungue mdomo?" ndugu yangu akauliza. "Kama ng'ombe wa mnada?"

"Kama huyo huyo."

Akakubali yote. Kisha mke akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akamvuta kichwa, akaweka sikio lake kwenye panja lake la kushoto, bila chombo. Alikaa hivyo kwa muda. Sijui kama bila chombo inasikika, na sikumwuliza. Aliponyanyuka alimfuta tu pale alipokuwa ameweka sikio, kama amemwachia vumbi.

Siku hizi mkewe ndiye anayeshika spana na jeki. Ndugu yangu anakaa kwenye kiti chenye mgongo, anaelekeza na kupiga soga, na madereva wanamtania kwamba amekuwa meneja. Hajaanguka tangu dawa zilipokaa sawa. Sijui kama tulifanya vizuri. Nikiwa na siku njema naona alichagua mwenyewe, na mtu ana haki hiyo. Siku mbaya naona nilikaa mbele ya daktari mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nafikiria jinsi ya kuwapendeza watu.

Kila asubuhi ndugu yangu hunipigia simu nikiwa napanga nyanya. Anajua simwulizi habari, nausikiliza ulimi wake. Kwa hivyo huanza kwa kuninyamazisha: hunitajia vituo vya barabara kama utingo. "Voi, Maungu, Buchuma, Mackinnon, Taru, Samburu, Mariakani! Nimefika salama, dada. Ulimi haujapata pancha." Mimi humwambia aache upuuzi, naye hucheka, na siku yangu ndipo inapoanza.

Asubuhi ya leo alifika Taru akanyamaza.

Nilikuwa na nyanya mkononi. Nikaita jina lake. Kimya. Nikaita tena. Kisha akasema, "Samburu," na baada ya kidogo, "Mariakani. Samahani dada, nilikuwa naangalia lori likiingia, lina trela mbili."

"Trela mbili?"

"Eh. Breki zinalia kama mtoto."

Breki nilizisikia kweli kwenye simu. Niliagana naye vizuri. Mbele yangu alikuwa amesimama mteja, mama mmoja mwenye kikapu, akaniuliza, "Hizo nyanya unauza ama unazishika tu?" Nikampimia, nikampa na ya kuongeza.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Kwa haki ya ndugu yangu lazima niandike kwamba lori lilikuwepo na breki zililia. Ninachojaribu kukumbuka ni kama zililia kabla hajanyamaza, au baadaye.